Mkutano wa mji huku Massachusetts na ule wa chini ya mwembe

Kila mwaka baridi ikianza kulegea, mji mdogo ninaoishi karibu na Boston, Marekani, hufanya mkutano wake mkuu. Kijitabu cha bajeti hutufikia mapema. Safari iliyopita mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji imepanda bei, akataja ukurasa na mstari. Akajibiwa palepale, ndipo kura ikapigwa. Mimi nilikaa pembeni, kwenye viti vya wasio na kura, maana uraia bado sina. Nilitamani watu wa kijijini kwetu Muheza, Tanzania, wangeliona lile.

Mikutano hii ni urithi wa Waingereza walioanzisha koloni la Massachusetts Bay. Jengo lilelile walilofanyia ibada ndilo walilokutania kugawa mashamba na kupanga kodi. Ila mlango wake ulikuwa mwembamba mno. Mwaka 1631 waliamua kuwa sauti katika serikali ya koloni ni ya wanaume waliopokewa kanisani tu. Mhubiri Roger Williams, aliyesema serikali isiingilie dhamiri ya mtu, alifukuzwa, akaenda kuanzisha mji wa Providence mwaka 1636. Mary Dyer, wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker (hayahaya yenye waumini wengi magharibi mwa Kenya), alinyongwa Boston mwaka 1660 kwa kurudi alikopigwa marufuku. Hata kusherehekea Krismasi kulikuwa na faini ya shilingi tano. Na hao ni watu waliokimbia kwao wakitafuta pa kuabudu kwa amani! Inaniuma kila nikiwaza.

Kwetu, chini ya mwembe, shehe na mchungaji hukaa benchi moja na hakuna anayeuliza dini ya mtu kabla hajanyoosha mkono. Aliyefikisha miaka 18 na anaishi kijijini, ana kura. Tumeikuta hali hiyo tukaizoea, hatuoni thamani yake.

Kinachotuangusha ni hesabu. Mapato na matumizi husomwa harakaharaka jua likizama, jumla tu, watu wakapiga makofi wakaondoka. Mdogo wangu sasa ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Nimemwomba jambo moja: kabla ya mkutano ujao, hesabu zibandikwe ukutani dukani, mstari kwa mstari, wiki nzima. Kasema atalipeleka.