Kitabu cha MATLAB: kifundishe amri au hesabu?

Mwanafunzi wa uhandisi anayeanza MATLAB, programu ya kompyuta ya kufanyia hesabu, hukuta vitabu vya namna mbili. Kimoja kinafundisha programu yenyewe: amri hii inaandikwaje, grafu inachorwaje. Kingine kinaanza na hesabu, kompyuta inakuja baadaye kama chombo cha kazi. Wengi hukimbilia cha kwanza, na wana haki. Asiyewahi kuandika hata mstari mmoja wa programu anahitaji kushikwa mkono; mpe nadharia kabla hajajua kuhifadhi faili, atakiweka kitabu pembeni siku hiyo hiyo.

Ila vitabu vya amri huzeeka haraka. Cha zamani kitakufundisha kutafuta intigro kwa amri ya quad, wakati tangu 2012 ipo amri ya integral. Kwenye SageMath, programu nyingine ya hesabu inayotumia lugha ya Python, ni balaa zaidi: toleo la 9.0 la mwaka 2020 lilihamia Python 3, na amri ya print isiyo na mabano, iliyojaa kwenye vitabu vya nyuma, inakataa palepale. Anayejisomea peke yake hudhani kosa ni lake.

Kwangu mimi hasara kubwa zaidi ni yale ambayo kitabu cha amri hakiyagusi. Chukua milinganyo sambamba, Ax = b, ambapo A ni matriki, yaani jedwali la namba, na x ndiyo inayotafutwa. Mara nyingi kitakuonyesha inv(A)*b, yaani kinyume cha A mara b, jibu linatoka, mnasonga mbele. Kitabu cha hesabu kitakwambia uandike A\b, na kitakueleza sababu: kompyuta inaondoa vigeu kimoja kimoja bila kutafuta kinyume cha matriki, hivyo kazi inapungua na jibu kwa kawaida linakuwa sahihi zaidi. Kisha kitakupa hilb(12), matriki ya Hilbert yenye safu 12, inayokuza makosa madogo ya kompyuta ya kukadiria desimali. Panga b ili majibu yote yawe 1, halafu tatua. Utapata onyo, na namba zilizopotoka waziwazi, ingawa hujakosea hata herufi. Mhandisi asiyelijua hilo ataamini kila kinachotokea kwenye skrini.

Kwa hiyo ningesema amri za mwanzo zisomwe kwenye maelezo ya bure yanayokuja na programu, au kwenye Octave, programu inayofanana na MATLAB lakini isiyodai leseni ya kulipia, na fedha iende kwenye kitabu cha hesabu. Hata fedha si lazima: Cleve Moler, aliyeandika MATLAB ya kwanza, ana Numerical Computing with MATLAB, na MathWorks, kampuni inayotengeneza MATLAB, wamekiweka bure mtandaoni. Ni cha 2004, baadhi ya amri zake zimepitwa. Sura yake ya milinganyo sambamba bado inaeleza kinachofanyika leo ukiandika A\b.