Unga Ule Ule, Aibu Mpya

Kengele ya moshi imenyamaza sasa hivi, baada ya kuipepea kwa kanga ya mama watoto hadi mkono ukafa ganzi. Jirani wa chini ameshagonga dari kwa ufagio mara mbili. Agonge tu! Mtu aliyeaibishwa na mahindi haogopi ufagio.

Mahindi, jamani. Mimi, mtoto wa Dodoma, niliyeshika mwiko kabla sijashika kalamu.

Hapa Maryland, Marekani, Wasalvador, yaani watu wa El Salvador, wamejaa, na pupusa zao, vile vichapati vinene vya mahindi vilivyojazwa ndani, huwezi kuzikwepa. Bei yake sitaki kuizungumzia, nimetoka zamu ya usiku. Nikapiga hesabu: unga wa mahindi, maharage ya kuponda, jibini. Kuna nini hapo cha kumshinda mwanamume? Nikachukua sembe niliyonunua duka la Waafrika, nikakanda. Donge likatulia kiganjani kama kifaranga. Kulibonyeza tu, likapasuka kama kisigino cha kiangazi. Jibini likamwagikia kwenye kikaango, likaungua, na kengele ikaanza kulia.

Aliyefuata kelele ni yule mama wa Kisalvador wa ghorofa ya juu. Hakubisha hodi. Akaingia, akazima jiko, akatia kidole kwenye mfuko wangu wa sembe, akaonja, halafu akanitazama kama nesi anayetafuta namna ya kuanza.

"Mwanangu, huu haujapita kwenye chokaa."

Chokaa! Mimi chokaa naijua ya ukutani na ya tambuu. Kumbe kwao mahindi huchemshwa na maji ya chokaa, yakalala humo usiku kucha, yakaoshwa maganda yatoke, ndipo yasagwe. Hapo donge linashikana. La kwangu hata ningelikanda mpaka Krismasi lingepasuka tu. Akapanda kwake, akarudi na unga wake na bakuli la maji yenye mafuta.

Akalowesha viganja, akachota donge, akalitoboa kwa kidole gumba likawa kama kikombe. Akajaza maharage, jibini na chicharrón ya kusaga, ambayo kumbe ni kitimoto kabisa, hapo nikachangamka kidogo. Akafumba mdomo wa donge, akakata kichwa kilichozidi, akaanza: pa-pa-pa-pa! Kiganja hiki, kiganja kile, donge linazunguka kama lina akili zake. Mara duara limetimia, halina ufa. Nikajaribu na mimi. Pa. Likaanguka sakafuni.

La pili likatoka na umbo la Zambia.

"Zuri," akasema yule mama, kwa sauti tunayowaambia watoto wa chekechea.

Zilipoiva akaweka juu curtido, yaani kachumbari ya kabichi na karoti iliyolala kwenye siki, na rojo la nyanya. Mimi, kwa ustaarabu wa ugenini, nikachukua uma. Akaninyang'anya! Pupusa huliwa kwa mkono. Mla ugali kufundishwa kula kwa mkono, hii nitaisema kwa nani? Na kwao ina heshima zake: mwaka 2005 bunge liliitangaza chakula cha taifa na kuipa siku yake, Jumapili ya pili ya Novemba. Ugali wangu haujapewa hata saa moja.

Ili kuokoa jina la ukoo, nikabandika sufuria, nikamsongea ugali wa sembe ile ile. Akaubonyezabonyeza kwa kidole.

"Na ndani mnaweka nini?"

"Hatuweki kitu."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna, mama."

Akanishika bega kwa huruma, akanisukumia pupusa mbili zilizobaki, akaanza kupanda ngazi maana lifti ni mbovu tangu Jumanne. Mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani, na kodi anataka tarehe mosi asubuhi. Halafu mashine ya kufulia kule chini imenimezea sarafu, shuka zangu zimo humo zimeloa, na yule wa ufagio ameanza tena.