Alhamisi ya Kupaa, huku na nyumbani

Ndugu zangu mnaopenda kusema Ulaya wamemsahau Mungu, hapa Ujerumani Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana ni sikukuu ya serikali nchi nzima. Maduka yanafungwa, ofisi zinafungwa, na wengi huomba ruhusa ya Ijumaa wapate siku nne mfululizo. Tanzania siku hiyo ni ya kazi kama kawaida. Serikali imetupa Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Krismasi. Kupaa tujipange wenyewe. Usharikani kwetu, sisi Walutheri, ibada ilikuwa jioni, na waliofika ni wazee wa kanisa, kwaya moja na wanaoishi jirani. Wengine tulikuwa bado tunagombania daladala.

Basi utadhani huku ndiko wanakoijua. Wapi! Siku hiyohiyo ni Siku ya Akina Baba. Ukitoka asubuhi unapishana na wanaume wanaokokota vigari vya mkono vilivyosheheni kreti za bia, muziki juu, wanaelekea msituni. Siwalaumu. Wengi hawakulelewa kanisani, na mapumziko ni mapumziko.

Ila kuna kitu hakionyeshwi kwenye zile video za makanisa yaliyogeuzwa kumbi za starehe. Sharika nyingi huku husali nje siku ya Kupaa. Ninaposali mimi tulikaa kwenye mabenchi uwanjani, matarumbeta yakapigwa (ungedhani uko kwenye ibada ya Kilutheri nyumbani), na bibi mmoja mbele yangu alikuwa amebana karatasi yake ya nyimbo kwa kibanio cha nguo ili upepo usiichukue. Waumini hawakuzidi arobaini. Likasomwa lile swali la Matendo 1:11: “Enyi watu wa Galilaya, mbona mmesimama mkitazama mbinguni?”

Kilichonisumbua miaka yote ni Luka. Anasema wanafunzi walirudi Yerusalemu “wenye furaha kuu”. Furaha gani? Sisi tulioagana na mama zetu uwanja wa ndege tunajua mtu anavyorudi nyumbani baada ya kusindikiza. Huwezi kuielewa furaha ile kama Kupaa kwako ni safari ya mtu aliyekwenda mbali. Waebrania 7:25 inasema yu hai sikuzote ili awaombee wanaomjia Mungu kwa yeye. Hajastaafu. Na aliyepaa ni yule aliyemwonyesha Tomaso mikono yenye alama za misumari, siku nane baada ya kufufuka. Hakuuvua mwili kama sare baada ya zamu. Mwanadamu mwenye makovu ameketi mkono wa kuume wa Mungu.

Mimi kazi yangu huku ni kutunza wazee. Zamu nzima ni miili: kugeuza, kuogesha, kupaka mafuta visigino vilivyopasuka, kulisha mtu asiyekumbuka jina lake. Nyumbani kuna watu wakisikia hivyo wanasikitika, eti nimesoma halafu naogesha Wazungu. Kwa imani ya Kupaa sioni aibu iko wapi. Kama mwili wa mwanadamu umefika huko juu, hakuna mwili ulio uchafu tu wa kusafishwa.

Ndiyo maana naona tunakosea pande zote mbili. Huku wana siku, wengi hawana habari na Bwana wa siku. Nyumbani tuna Bwana, lakini Kupaa tunaipitisha haraka tuwahi semina za miujiza, tukibaki tunatazama juu tukingoja kushushiwa.

Ningekuwa kwenye baraza la wazee wa usharika wetu ningeomba jambo moja. Kuanzia ile Alhamisi hadi Pentekoste ni siku kumi. Ibada ya jioni iwe mwanzo wa siku hizo: tusali, kisha kila jumuiya ipangiwe wagonjwa wa kwenda kuwafulia na kuwaogesha, si kuwaombea mlangoni na kuondoka. Kwaya ianze saa moja na nusu, wa daladala nao wawahi.