Swali la maji lisianze kwa kumlaumu mwenye ndoo

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua kiasi cha kuitikisa Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku kwa pamoja, ilishuka hadi takriban lita milioni 300, na jiji likaingia kwenye mgao. Kwa mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya utafiti, tukio hilo lina mengi ya kuchimbua. Kazi ngumu ni kuandika swali lenyewe. Wengi huanza na hili: "Wananchi wana uelewa kiasi gani kuhusu kubana matumizi ya maji wakati wa ukame?" Naliona ni swali dhaifu, ingawa wanaolitetea wana hoja za kusikilizwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba linafanyika. Mwanafunzi ana miezi michache, nauli anajilipia, na mkononi ana barua ya utambulisho ya kumpelekea mtendaji wa mtaa. Hawezi kukagua mabomba ya jiji zima, ila anaweza kupiga hodi kwenye kaya hamsini. Hoja ya pili ni kwamba matumizi ya nyumbani yana uzito, na hapa Cape Town inawaunga mkono. Baada ya miaka mitatu ya mvua hafifu, mji huo uliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia 1 Februari 2018 na kuwapandishia bei watumiaji wakubwa. Matumizi ya mji mzima yalishuka hadi karibu nusu ya yale ya mwaka 2015. Mvua za 2018 na kupunguzwa kwa maji ya mashambani vilisaidia pia, na siku ya kufunga mabomba iliyokuwa ikihofiwa haikufika.

Lakini pale Cape Town palikuwa na cha kubana: bustani, mabwawa ya kuogelea, mashine za kufulia. Sasa ichukue kaya ya wapangaji watano Manzese au Mbagala inayonunua ndoo sita za lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 24 kwa mtu, kwa kupikia, kuoga, kufua, kuosha vyombo na chooni. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndicho kiasi cha kukidhi mahitaji mengi ya msingi. Kuiuliza kaya hiyo kama ina uelewa wa kubana matumizi ni kuidhania ufujaji kabla hujafika mlangoni. Zaidi ya hapo, jibu linajulikana: kila mtu atasema anabana, hasa akimwona mgeni ana dodoso na kalamu.

Wapo wanaovuka hadi upande wa pili kabisa na kusema kaya iachwe, swali lielekezwe kwenye mabomba. Nao wana ushahidi. Ripoti za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, zimekuwa zikionyesha kuwa maji yanayopotea kabla ya kulipiwa, kwa kuvuja, kuibwa au mita mbovu, yanazidi asilimia 20 inayohesabiwa kuwa kiwango kinachokubalika. Hoja ni nzito, ila kwa utafiti wa shahada ya kwanza data zake ziko ofisini kwa watu wengine, na mwanafunzi anaweza kumaliza muhula akisubiri kibali. Takwimu hizo aziweke kwenye usuli wa tatizo, msomaji aone ukubwa wa jambo lote, kisha arudi kwenye kaya akiwa na swali jingine.

Mimi ningemshauri aanzie kwenye vyombo. Mgao ukija, aliye na simtanki la lita 1,000 na aliye na madumu manne hawaishi ukame mmoja. Wa kwanza huenda asibadilishe chochote kwa siku kadhaa. Wa pili anapanga kila kikombe: maji ya kusuuzia nguo yanaenda chooni, ya kuoshea mboga yanaenda kwenye mchicha nyuma ya nyumba. Tena inawezekana mgao wenyewe unazaa upotevu, pale watu wanapojaza kila chombo kwa hofu kisha wanamwaga maji ya juzi mapya yakitoka. Swali lingeweza kuwa hivi: "Katika kaya za mtaa mmoja wakati wa mgao, ujazo wa vyombo vya kuhifadhia maji unahusianaje na lita zinazotumika kwa mtu kwa siku, pamoja na kiasi cha maji kinachotumika tena au kumwagwa?" Swali hilo linahesabika, na jibu lake halijulikani kabla ya kwenda.

Kuhesabu huko kuna mitego. Bili ya mita haitoshi kwa nyumba ya kupanga, kwa kuwa familia nne au tano hutumia mita moja. Afadhali daftari la wiki moja linalojazwa nyumbani, ndoo kwa ndoo. Na alijaze nani? Madodoso mengi humtafuta mkuu wa kaya, ambaye mara nyingi ni baba anayeondoka alfajiri na kukuta maji ya kuoga yapo. Anayejua idadi ya ndoo ni mama, au binti aliyeamka usiku kukinga maji yalipotoka. Mtafiti akimruka huyo, takwimu zake zitakuwa za kukisia, hata akizichora kwa majedwali mazuri namna gani.

Jambo la mwisho ni ukame wenyewe. Maji hukatika Dar es Salaam kwa sababu nyingi, umeme wa kwenye pampu na bomba lililopasuka zikiwemo. Mwanafunzi akienda mtaani Agosti akakuta mabomba makavu, asiandike ukame kabla ya kuulizia hali ya mto na kuiona ratiba ya mgao iliyotangazwa. Kama hakuna ukame mwaka huo, aufanye utafiti wake kuwa wa mgao na kichwa chake kiseme hivyo. Kuwaomba watu wakumbuke walichota ndoo ngapi Oktoba 2022 hakutampa lita za kuaminika.