Kihispania Kianzie Mwaloni

Kila mwaka ukifika mwezi wa pili au wa tatu, napata ujumbe wa namna moja. "Ticha, nimepata nafasi ya kwenda kusoma Kihispania hukohuko Hispania, wiki nne, kiangazi chao. Sijui hata neno moja ila wamesema wanaanza na mtu kutoka sifuri. Niende?" Jibu langu halijabadilika, na limeshanipotezea marafiki wawili: usiende. Simaanishi usiende kabisa. Usiende hivyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni. Nilikwenda Salamanca, mji wa Hispania, likizo ya mwezi wa sita, kozi ya lugha na fasihi. Kwenye karatasi ilikuwa wiki nne. Viza ilitoka kwa kusuasua, nikafika darasa likiwa na siku ya nne. Kwa hiyo najua uchungu wa kuhesabu siku ulizokwisha kuzilipia.

Mlango wa pili kutoka kwetu lilikuwa darasa la wanaoanza. Saa tatu asubuhi wanaitikia hola, me llamo, tengo veinte años, yaani hujambo, naitwa, nina miaka ishirini. Wakitoka tu, wanakaa kwenye ngazi wanaongea Kiingereza. Mkorea, Mholanzi, Mmarekani, wote Kiingereza ndicho kinachowakutanisha. Jioni hivyohivyo. Siku za mwisho niliwaona dukani wakinunua maji kwa kuonyesha kidole. Mtu amekopa Saccos, amepanda ndege mbili, basi la saa mbili na nusu kutoka Madrid, halafu anajifunza hesabu za moja hadi mia ambazo angezimaliza kwenye daladala ya Igoma kwa bando la wiki.

Na sisi tuna bahati ambayo Mmarekani hana. Irabu za Kihispania ni tano, ni zetu zilezile, hazibadiliki. Ukiacha herufi chache, ukisoma neno kama lilivyoandikwa, umelisema. Ñ ni ny ya nyanya. Z ya Hispania ni th ya thelathini. Mesa ni meza, bandera ni bendera, maana Wareno walitupitishia maneno ya Kireno, ndugu yake Kihispania. Azúcar ni sukari na azafrán ni zafarani, hapo tumekunywa kisima kimoja cha Kiarabu. Hata hili neno "hata" lina pacha wake kule, hasta, na wote wawili baba yao ni hatta ya Waarabu. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili anaingia Kihispania kama mtu anayeingia kwa mjomba, ananawa mikono anakaa.

Tatizo letu watu wa Kanda ya Ziwa ni lilelile tunalotaniwa nalo tukifika Dar, kula na kura. Kihispania hakina utani na jambo hilo. Pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. Siku ya pili nilimwambia mama mwenye nyumba, kwa heshima zote, kwamba naenda mjini kukata mbwa. Alicheka mpaka akakaa.

Mama huyo naye tulisumbuana kwa jambo jingine. Nilimwita usted, "wewe" ya heshima, maana ni mtu wa umri wa mama yangu. Yeye akataka nimwite tú, "wewe" ya kawaida. Ni kama bimkubwa akuambie acha shikamoo, niambie mambo. Nilijaribu, ulimi ukagoma. Tulimaliza mwezi mimi nikisema usted na yeye akitikisa kichwa.

Jua lenyewe linazama saa nne kasoro usiku, na watu ndiyo kwanza wanaandaa chakula. Kwa tumbo lililozoea ugali wa saa mbili, ni mfungo.

Lakini nilichokifuata kilikuwa sokoni. Jirani na Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, kuna soko kuu, ndani wauza samaki wamepanga mali juu ya barafu. Nikaona minofu minene, myeupe, na kibao: perca del Nilo. Chini kwa herufi ndogo, Tanzania. Sangara! Nimepita kila asubuhi kwenye harufu yake, leo tumekutana huku hana kichwa wala ngozi. Nikamwambia mama muuzaji kwamba samaki huyu ni jirani yangu. Hakuamini. Nikamweleza mitumbwi, taa za wavuvi wa dagaa usiku, wanawake wa Mwaloni. Nilikosea vitenzi vya wakati uliopita karibu vyote, naye alinirekebisha kimoja kimoja huku akimkatia mteja mwingine. Kila nikipita baada ya hapo ananiita hijo, mwanangu, na kuniuliza habari za ziwa. Vitenzi alivyonirekebisha yule mama sijavisahau. Sasa fikiria ningefika pale na hola peke yake. Ningetabasamu, nikapiga picha kibao, nikaondoka.

Fasihi nayo ni hivyohivyo. Tulisoma Lazarillo de Tormes, kitabu kidogo cha mwaka 1554 ambacho mwandishi wake hajulikani, na mwaka 1559 Baraza la Uchunguzi la Kanisa lilikitia kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Kinaanzia palepale Salamanca. Mtoto Lázaro amezaliwa kwenye kinu cha kusaga nafaka juu ya mto Tormes. Mama mjane, njaa, anamkabidhi kwa kipofu ombaomba awe macho yake. Wakifika darajani kuna fahali wa jiwe. Kipofu anamwambia tega sikio hapo, utasikia mlio ndani. Mtoto anatega, kipofu anambamiza kichwa kwenye jiwe, kisha anamwambia kwamba kijana anayemwongoza kipofu lazima amzidi shetani ujanja kidogo.

Mwalimu alitupeleka pale darajani. Fahali bado yupo, ingawa hana kichwa tena. Wenzangu walipiga picha. Mtu wa Mwanza hashangazwi na jiwe, mimi nilikuwa nawaza mengine. Mjerumani mmoja, dada mpole tu, alisema ni vigumu kuwaza maisha ya namna hiyo ya kale. Nikamwambia kwetu si kale. Ijumaa, mitaa ya katikati ya mji, utamkuta mtoto wa miaka tisa ameshika ncha ya fimbo, mzee asiyeona ameshika ncha ya pili, wanapita duka kwa duka. Nimewapa sarafu mara nyingi. Sikuwahi kujiuliza jioni wanagawanaje.

Darasa likanyamaza. Mwalimu akaniuliza kwenye ziwa lenu kuna riwaya gani. Nikamtaja Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na yeye akafariki mwaka 1981. Akataka nisimulie. Hapo nikaona aibu, kwa sababu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka nilikuwa nimekisoma nusu, na Ukerewe ni safari ya meli ya asubuhi tu kutoka kwangu. Nilikimaliza niliporudi. Nawe ukitaka kwenda, kimalize kabla.

Kwa hiyo wanaponiuliza niende, nawaambia nunua daftari la kaunta, tenga nusu saa kila siku kwa mwaka mmoja, jisemeshe pelo, pero, perro mpaka majirani wakuonee huruma. Ukiweza kugombana na muuza samaki, kata tiketi.

Muhula uliofuata niliwasimulia wanafunzi wangu kisa kingine cha Lázaro na yule kipofu. Wamepewa kichala cha zabibu, nikabadilisha nikasema karanga. Kipofu anasema tuchukue moja moja, zamu kwa zamu. Punde yeye anaanza kuchukua mbili mbili. Mtoto anaona, ananyamaza, naye anachukua tatu tatu. Zikiisha, kipofu anamwambia, wewe ulikuwa unakula tatu tatu. Nikawauliza darasa, kipofu amejuaje?

Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hajawahi kunyoosha mkono, hakungoja nimtaje jina.

"Si alikuwa anakula mbili mbili na dogo amekaa kimya, ticha."