Notisi ya siku 21 si ya kuwekwa kabatini
Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu madeni ya kampuni anasema kwamba kampuni iliyopokea notisi rasmi ya kudaiwa inaweza kutulia, ingoje ombi la kuifilisi lifike Mahakama Kuu ndipo ijitetee, na hapo sikubaliani naye hata kidogo. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inasema deni likiwa shilingi 100,000 au zaidi, na siku 21 zikapita tangu notisi iachwe katika ofisi iliyosajiliwa bila deni kulipwa, kuwekewa dhamana wala kufikiwa maafikiano, kampuni huhesabiwa kuwa imeshindwa kulipa madeni yake. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ndogo ya ujenzi Mombasa, na notisi yetu, iliyodai malipo ya saruji, ilikaa siku 12 kwenye meza ya mapokezi ya wakili wetu wa zamani, maana anwani iliyosajiliwa ilikuwa bado yake. Kilichotuokoa ni stakabadhi ya kupokelea mzigo: karani wa stoo alikuwa ameandika kwa kalamu, mbele ya dereva, “mifuko 340 ya saruji imeganda”. Tulilipia mifuko iliyokuwa mizima, tukaambatanisha karatasi ile na hati ya kiapo, tukaomba notisi itenguliwe, kwa kuwa mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba deni lenye ubishi wa kweli huamuliwa kwa kesi ya kawaida, si kwa tishio la ufilisi. Kukana kwa maneno matupu hakungetusaidia. Je, kuna msomaji aliyenyamaza siku zote 21, na utetezi wake bado ukasikilizwa?