Mashimo ya madini ya risasi ya Kinangoni, tuyatunze au tuyafukie?

Hapa Malindi ukitaja urithi mtu anakuonesha nguzo ya Vasco da Gama au anakwambia panda matatu uende Gede kwenye magofu ya matumbawe, basi. Kinangoni kulikochimbwa risasi na fedha, na hata Vitengeni kwenye galena, yale mawe yenye risasi, hakuna anayekutajia na ni Kilifi hii hii yetu.

Wanaosema patunzwe mi nawaelewa sana. Kule Poland kuna mji unaitwa Tarnowskie Góry, mgodi wao wa risasi na fedha uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017, na kilichowapa sifa zaidi ni maji, maana shimo lilikuwa linajaa kila mara, ikabidi wachimbe mifereji chini kwa chini zaidi ya kilomita 50, wakaleta mitambo ya mvuke ya kuyavuta, halafu maji yaleyale yaliyokuwa yanawasumbua yakaja kutumika mijini. Leo wageni wanashuka wanapandishwa mashua huko huko chini. Na kuna jambo linaniuma, ile nguzo yetu ni ya mgeni aliyetia nanga hapa 1498, vibarua waliovunja mawe Kinangoni hawana hata kibao.

Lakini risasi si matumbawe jamani. Ukuta wa Gede mtoto akiuegemea anatoka na vumbi tu, risasi haiozi, inakaa kwenye udongo na vifusi miaka na miaka, mtoto akicheza akitia mkono mdomoni inaingia kwenye damu mpaka ubongo. Kabwe kule Zambia mgodi wa risasi ulifungwa 1994 na bado watoto wanakutwa na risasi mwilini. Owino Uhuru Mombasa ni habari ya kiwanda cha betri, si mgodi, ila sumu ni hiyo hiyo, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kuna ambao walikuwa washazika.

Kwahiyo mi siungi mkono kuweka geti na tiketi kabla udongo na visima kupimwa, majibu wakapewa wanaoishi hapo kwanza, kwa Kigiriama wayaelewe. Ikionekana ni hatari pafukiwe, sitalilia shimo. Ila wazee waliofanya kazi ile wasingojee vipimo, waliobaki wafuatwe sasa wasimulie, na vijana wa hapo hapo ndio wawarekodi.